Programu ya Kupima Moyo wa Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Jibu limekuja! Wiki mbili nimelisubiri. Ta Kahangwa wa Maruku, baba yake Dativa wangu, amejibu barua yangu ya posa kwa ujumbe wa simu: "Kijana wetu, barua yako tumeipokea kwa heshima kubwa. Mwandiko wako ni mzuri mno. Mungu akuzidishie." Nimeusoma mara kumi na tatu. Sasa, ni ndiyo au siyo? Mtu mwingine angempigia Dativa amuulize. Mimi Rwekaza, mwenye diploma ya kompyuta, niulize kama mtoto? Thubutu! Nitaunda programu. Nitaifundisha kutambua hisia kwenye maandishi, halafu iniambie moyo wa mzee umekaaje. Hapa Bukoba hajatokea mtu wa kuwaza hivi.

Jumanne, 5 Novemba

Programu haijui lolote mpaka ioneshwe mifano. Nimechota ujumbe mia tatu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kila mmoja lazima uwekewe alama: F ni furaha, K ni kinyongo. Kazi nimempa shangazi Jovina, mwalimu mstaafu, aliyekuja kunitembelea kutoka Rubya.

Kosa kubwa! "Asante sana kwa zawadi, msingejisumbua," kaweka K. "Tumefurahi mlipita, japo hamkukaa," K. "Karibuni tena mkipata nafasi," K! Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema watu hao anawafahamu, wamenuna wote watatu. Tena Mhaya akianza kusifia mwandiko wako, ujue kakosa kingine cha kusifia. Majungu! Nikamshukuru, nikamwambia akapumzike. Alama zake nimefuta zote, nimeweka zangu. Penye asante, F. Penye karibu, F. Kazi ya dakika arobaini.

Jumatano, 6 Novemba

Programu imeiva. Nikailisha ujumbe wa Ta Kahangwa. Furaha, asilimia 98! Nimeruka hadi kichwa kikagonga rafu. Kesho tunakwenda Maruku. Baba mdogo Mutalemwa ndiye msemaji wetu. Madumu mawili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ndoo ya senene, beberu mmoja. Shangazi amekataa kuja. Anasema hana nguo ya kuvalia aibu. Basi abaki!

Alhamisi, 7 Novemba

Sijui niandike nini. Ta Kahangwa alitoka migombani na panga mkononi, magwanda ya shamba mwilini. Hakuwa akitutegemea kabisa. Lakini adabu! Akatukaribisha ndani, akatupa kahawa ya kutafuna, akaanza kusifu. Akasifu rubisi. Akasifu kofia ya baba mdogo. Akamsifu beberu, pembe hadi kwato. Mimi nikawa nahesabu moyoni: F, F, F. Baba mdogo naye kila sifa ikimpata anazidi kuinama. Mwishoni mzee akasema beberu mzuri namna hii si wa kuchoshwa na ugeni, arudi akapumzike kwao.

Tumerudi naye. Njia nzima baba mdogo hakunitazama. Nampenda Dativa, jamani. Nimelia, na beberu ameniona.

Ijumaa, 8 Novemba

Ujumbe kutoka kwa Dativa! Naunakili wote: "Wewe ni punguani. Kurasa nne za kujisifu diploma, jina langu limo mara moja! Baba kachukia, na mimi umenichosha. Kesho saa sita mchana napanda boti kwenda kisiwa cha Goziba, nimepangiwa kazi zahanati ya huko. Kama una akili hata ya kuku, uje pale ziwani."

Shangazi aliposomewa akapiga kigelegele. Akaniambia nikanyoe ndevu. Nikamwonyesha programu: kinyongo, asilimia 99. Akasema niitupe ziwani. Wazee bwana! Tatizo nimeligundua mwenyewe: kwenye kundi la ukoo hakuna mapenzi, programu ingeyajulia wapi? Inahitaji mifano ya mapenzi. Siwezi kumwendea mwanamke kwa kubahatisha mara ya pili.

Jumamosi, 9 Novemba

Tangu alfajiri naandika mifano ya mapenzi, mia mbili na kumi. Saa nne shangazi akagonga mlango. Saa tano akaugonga kwa teke. Nikamwambia bado kidogo. Akapanda bodaboda akaenda peke yake.

Saa tisa kasoro robo, matokeo: furaha, asilimia 51! Ananipenda! Nikavaa suti, nikateremka mbio hadi ziwani. Boti ilishaondoka. Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia la dagaa. Akasema Dativa alimzuia nahodha dakika ishirini, abiria wakamzomea, akapanda huku anajifuta machozi kwa kanga. Roho imeniuma kweli.

Ila sikukata tamaa. Nikampigia picha kioo cha kompyuta, ile asilimia 51 ionekane vizuri, nikamtumia. Tiki mbili, za bluu. Ameona! Hajajibu. Hapo nikagundua pengo lingine: programu yangu haijui kusoma kimya. Nimeanza kukusanya mifano ya watu walionyamaza kwenye simu yangu, na hadi sasa nimepata sitini na mitatu. Shangazi naye hajafungua mdomo tangu tutoke ziwani. Huyo ni wa sitini na nne. Nimemwekea F.