Malalamiko Rasmi Juu ya Kitanda Mlichotupatia

Ibanda, Bukavu

Kwako Shemeji Déogratias, mkubwa wa ukoo wa mke wangu, Walungu,

Salamu hizi zikukute mzima, maana nataka uisome barua hii mpaka mwisho. Mimi Lucien, mume wa dada yako Martine, ninakushtaki kwako wewe mwenyewe, kwa kuwa katika ukoo wenu hakuna aliye juu yako.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiitengeneza ile minibasi yangu iwe nyumba ya safari: viti nje, kitanda ndani, jiko la gesi, na mapazia aliyoyashona Martine mwenyewe. Jumanne tulitoka Bukavu polepole, kama watu wasio na bosi. Tukasimama kando ya barabara kunywa chai, tukanunua avoka mbivu, tukasikiliza redio. Mpango ulikuwa kulala kilimani, mbele kidogo ya kwenu, sisi wawili na gari letu. Kosa letu lilikuwa kupitia kwenu kuwasalimia dakika tano, kwani kupita mlangoni pa mashemeji bila kusalimia ni matusi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Geti lilifungwa nyuma yetu kabla sijazima injini. Kuku naye alikuwa amekwisha kamatwa.

2. Maharagwe yetu ya safari yalikuwa tayari yamepikwa, yako ndani ya gari. Maman Domitille, mkeo, aliyaonja, akamtazama dada yako kwa huruma, akayafunika. Tukala bugali na kuku mpaka nikalegeza mshipi. Kila nilipoinuka niage, sahani ilijazwa tena.

3. Nilipoomba kwa adabu tulale garini, humo humo uani kwenu, Maman Domitille alijishika kichwa: "Shemeji alale mu motokari, na mu nyumba kuko kitanda? Bantu batasema tulimufukuza!" Wewe ukamwita mchungaji. Mchungaji akaomba, na katikati ya sala akamwarifu Mungu kwamba mimi ni mkaidi. Mungu hakuwa ameuliza.

4. Hili ndilo kubwa. Mlitupatia kitanda chenu wenyewe. Nikauliza ninyi mtalala wapi, ukasema nisijali. Kumbe! Nachungulia dirishani, mapazia ya Martine yamefungwa, taa yangu ndogo inawaka, na ninyi wawili mnasikika mkicheka ndani ya gari langu! Godoro lile ni jipya, Shemeji. Mimi na dada yako hatujalilalia hata mara moja. Usiku huo nimeungoja tangu nistaafu, na iliniuma, nakuambia kweli. Asubuhi ukatoka unajinyoosha, ukanisifia godoro langu.

Kwa hiyo naomba baraza la ukoo likae, litutambue rasmi mimi na Martine, kila tunapokuwa safarini, kuwa watu wasio na ndugu kuanzia Bukavu mpaka Walungu. Mtu wa ukoo akiliona gari letu, ageuze uso. Hilo likishindikana, basi mtununie kidogo. Niko tayari kuwakosea. Nichagulieni tu kosa lenyewe.

Nisalimie Maman Domitille, watoto Aganze na Bintu, mchungaji na sala zake, na kile kitanda chenu, ambacho kwa haki ni kizuri.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kinyongo na shibe,

Lucien

N.B. Martine amenisomea sasa hivi ujumbe wako wa simu. Eti umetandika godoro nyuma ya pikapu yako, mnakuja Bukavu Jumamosi, na mtalala humo mbele ya geti letu ili msitusumbue. Mbele ya geti langu? Majirani wa Ibanda watanionaje? Acheni mambo hayo kabisa. Kuku amekwisha fungwa kamba, na chumba chetu kinawangoja. Mtalala humo, mpende msipende. Mimi na Martine msitujali, tutajibanza garini. Mapazia ameyafua leo.