Mshenga wa Blokcheni

Habari ilitokea kwenye simu ya Avit, ambaye pale kijiweni, jirani na stendi ya Muleba, anaitwa Setilaiti.

"Wezi wamevunja daraja la blokcheni! Mali za watu zimeyeyuka!"

"Mkandarasi nani?" aliuliza Felicitas, mwenye birika la kahawa.

"Ma Felicitas, hili ni la kwenye kompyuta. Blokcheni ni kama ukoo, ina kumbukumbu zake na mashahidi wake. Ya pili nayo ina vyake. Haziaminiani. Sasa mali haivuki. Inafungiwa huku, mjumbe, ambaye ndiye daraja lenyewe, anakwenda kusema, 'Tumeshafungia,' na kule wanatoa ya kwao yenye thamani ileile."

"Na mjumbe akidanganya?"

"Ndiyo habari yenyewe hiyo!"

Rutaihwa alitafuna punje ya kahawa. Tangu senene, wale panzi wa kukaanga, waanze kuanguka alikuwa akingoja jibu la posa kutoka kwa Edvina wa Izigo. Mshenga wake, Ildefons, alikuwa kaketi naye benchi moja, akisema kila siku kwamba Izigo kimya. Kijiwe kilishamfanyia matanga.

"Pole, Bwana Harusi," Setilaiti alimchokoza. "Blokcheni ya Izigo imekukataa."

"Wangekataa wangesema," alijibu Rutaihwa.

Ildefons akapiga benchi kofi. "Kompyuta hazina adabu! Mshenga wa Kihaya ukimpa neno anafikisha neno, ukimpa mzigo anafikisha mzigo. Hao wazungu waje nyumbani kwangu wasome!"

"Ta Ildefons, siku hizi kuna madaraja ambayo anayepokea anakagua mwenyewe ushahidi wa ng'ambo. Mjumbe anabeba tu," alisema Setilaiti.

"Kumkagua mshenga? Matusi!"

Felicitas akatua birika. "Rutaihwa mwanangu, nilitaka kusahau. Jana gulioni nilimkuta Edvina, kakununia. Ananiuliza, msichana akikaanga senene kwa mkono wake, akawafunga kwenye jani la mgomba, akampa mshenga ampelekee mwanaume, hilo si jibu? Mbona hata asante hakuna?"

Rutaihwa akasimama. "Senene gani?"

Macho yote yakamwendea Ildefons, aliyekuwa akitafuta kofia yake, na kofia iko kichwani.

"Mimi?" akafoka. "Mimi niguse mzigo wa watu? Tena senene wenyewe walivyozidi chumvi!"

Kijiwe kikalipuka kwa kicheko. Rutaihwa hakungoja kiishe. Alishadandia bodaboda ya Izigo, kwenda kukagua ushahidi mwenyewe.