Giaboksi Iliyohamia Sebuleni

Kwa Shemeji Mkubwa,
Mwenyekiti wa vikao vya ukoo, fundi mstaafu na mwenye winchi,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu mimi sina pa kukaa. Kiti changu kimekaliwa na giaboksi.

YAH: KUONDOLEWA KWA VIUNGO VYA LORI NYUMBANI KWANGU

Shemeji, mdogo wako, mume wangu, ndiye aliyeniagiza niandike, tena kwa ukali, maana anasema yeye akikupigia simu unamcheka. Amevuta kigoda hapa pembeni anafuatilia mstari kwa mstari. Kwa hiyo ukali utakaouona ni wake, adabu ni yangu.

Utakumbuka lile lori lilipoanza kukohoa na kutoa moshi, wewe mwenyewe ulisema kwenye simu, nami nikisikia kwa masikio haya: "Gereji ya nini? Shusheni injini na giaboksi hapohapo uani, pandisheni nyingine. Ni kazi ya Jumamosi na Jumapili." Sikubishi, wewe ni fundi. Ila hukutaja ni Jumamosi ya lini. Huu ni mwezi wa tatu tangu simu hiyo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Lori limeingizwa uani kinyumenyume, mkia wake umefika dirishani kwangu jikoni. Unajua lilivyoandikwa nyuma: NARUDI KESHO. Miaka kumi na saba ya ndoa nimezoea kuyasoma maneno hayo yakipungua barabarani mpaka yanaisha. Sasa hayapungui. Naosha sahani, yapo. Nakatakata vitunguu, yapo. Mtu huchoka kuahidiwa jambo moja kutwa nzima.

2. Injini mpya ilifika kabla ya ile kuukuu kupata pa kwenda. Kuukuu ikawekwa barazani, mpya ikaingizwa sebuleni isinyeshewe. Kwa wiki tano nyumba ilikuwa na injini mbili na gari halina hata moja. Niliifunika ile ya sebuleni kwa shuka langu la maua, kwa heshima ya wageni. Jirani yetu mshonaji akaja kunijulia hali, akaikalia. Alipoinuka alikuwa na doa la oili ukubwa wa sinia, mahali ambapo mtu hawezi kujiangalia. Aliniambia tu, "Jirani, hiki kiti chenu ni kigumu lakini kimetulia." Mpaka leo sijui kama ameshaliona.

3. Vyombo vyangu vimetaifishwa. Mdogo wako anasema ulimfundisha kwamba kila boliti inayotoka lazima ipewe makao yake na karatasi ya jina. Vizuri. Lakini makao hayo ni bakuli zangu na vikombe vya wageni. Juzi mama mkwe alikoroga chai akasikia kitu kinagonga. Hakupiga kelele. Alikitoa kwa kijiko, akakifuta kwa upindo wa nguo, akamwita mwanawe: "Njoo uchukue nati yako, imeshaiva." (Mdogo wako anataka nilifute hili la tatu. Nimekataa, lina shahidi.)

4. Nimeajiriwa bila barua ya ajira. Mimi ndiye mshika tochi. Nimelala chali chini ya lori nikiambiwa, "Mulika kule, mke wangu, siyo usoni, mimi sijapotea." Siku ya kupandisha giaboksi, watu watatu na winchi yako, mimi nikiisukuma kwa nyayo, iliingia saa tisa alasiri. Boliti zote zikakazwa. Tukanawa, tukakaa kula. Mama mkwe akatua sufuria mezani juu ya kile kichuma chake cha duara, kizuri, kinachong'aa, alichokiokota barazani kikiwa kimeoshwa kwa petroli. Nikauliza kwa upole, "Samahani, hiki kigoda cha sufuria kwenye lori huwa kinakaa wapi?" Shemeji, ilikuwa belingi ya klachi, ile inayokaa ndani kabisa, kati ya injini na giaboksi. Mdogo wako alikitazama kile kichuma kama mtu aliyekutana na mdai wake msikitini. Kesho yake giaboksi ikashushwa yote. Ndiyo hiyo iliyokalia kiti changu.

5. Hili ni la mume mwenyewe. Nilimzoea wa siku mbili kwa mwezi: anafika, analala, anakula, anaondoka. Huyu wa kila siku sikuandaliwa. Amegundua chumvi inakaa wapi. Ana maoni kuhusu moto wa maharage. Anawasahihisha watoto hesabu, naye hazijui. Kitinda mimba wetu, ambaye zamani akimwona baba yake alikuwa anakimbilia kwangu kuniambia kuna mgeni, sasa anapanga spana kwa namba na kumwita "fundi wangu". Tena ameahidi kwamba tarehe kumi na nane ataenda siku ya wazazi shuleni, kumsikiliza huyo mtoto akisoma insha mbele ya watu. Hajawahi kwenda hata moja, ya mtoto yeyote kati ya wanne. Kucha zake zina grisi ambayo hata sabuni ya unga imeshindwa. Nitamkalisha wapi mtu huyu? Ameniambia wazi, lakini, kwamba lori likiwaka kabla ya hapo hana hiari, mwenye mzigo anampigia kila asubuhi.

6. Boliti. Wiki mbili zilizopita kila kitu kilikuwa tayari, giaboksi imeshafungwa mnyororo, mdogo wako akamimina boliti kutoka kwenye bakuli. Mbili hazipo. Ni zile ndefu za juu, na madukani hakuna za urefu ule. Ulimlea na msemo kwamba giaboksi iliyokosa boliti moja ni jino la bandia, itacheka vizuri mpaka siku ya kutafuna nyama. Basi hafungi. Amewashuku kuku, akawashuku wale watu watatu, jana alimkazia macho mama mkwe mpaka akaapa. Uani kumefagiliwa mara nne, sijawahi kuwa na ua safi namna hii.

Kwa kuwa giaboksi hiyo inakaa kitini, inafunikwa shuka langu, inapakwa mafuta kila jioni na kuulizwa hali yake kabla yangu, naona ukoo unapaswa kuamua moja. Ama itambuliwe rasmi kuwa mke mwenza, ipewe zamu ya kupika na kuosha vyombo, na siku zangu ziandikwe. Ama wewe, Shemeji, uje haraka, kabla ya tarehe kumi na nane, na boliti mbili ndefu kutoka kwenye lile debe la stoo yako ambalo hujawahi kutupa kitu chake hata kimoja, ulifunge lori hili kwa mkono wako, liondoke.

Nisalimie mkeo na mgongo wake, watoto na wajukuu, na yule jirani yako anayeazima pampu. Mama mkwe anakusalimu, anasema akili zimemtulia, sasa anachungulia kikombe kabla ya kunywa.

Wako katika subira na mafuta ya taa,
Mke wa mdogo wako, mshika tochi

Nyongeza, isisomwe mbele ya watu: Mdogo wako ameisoma yote, ameridhika, amerudi chini ya lori. Bahasha naifunga mwenyewe. Shemeji, boliti zipo. Zimo kwenye kopo langu la maharage, chini kabisa, zimefungwa kitambaa zisipate kutu. Na ile belingi niliiona mezani tangu asubuhi, kabla hawajakaza boliti ya kwanza. Mtoto ameshanisomea ile insha. Inaitwa "Baba yangu yupo nyumbani". Mimi siwezi kumfanya mwanangu mwongo mbele ya walimu.

Tarehe kumi na tisa, asubuhi, nitakuwa nachambua maharage na nitashangaa sana. Njoo siku hiyo na nguo za kazi. Ukija mapema, karibu, chakula kipo. Ila kopo hilo ni kubwa, na bakuli la boliti zilizobaki liko karibu na mkono wangu.