Daktari wa Kupiga Chuku

Masinde aliiona baiskeli kwanza, mgonjwa baadaye.

Ilikuwa stesheni ya Nakuru, mwaka wa hamsini na sita, saa nne asubuhi. Baiskeli nyeusi, mpya, kengele inang'aa kama jino la dhahabu. Juu ya kiti chake ameinama mwanamume wa mabega mapana, amekikumbatia kiti kama mtoto aliyepotea akapatikana. Kando yake mkewe ameketi juu ya gunia la viazi, ametulia, anatazama.

Masinde alivaa koti jeupe, na shingoni alitundika kipimo cha moyo alichokitengeneza kwa tyubu ya baiskeli. Miaka miwili alifagia wodi za hospitali fulani, mpaka ikagundulika kwamba spiriti ya kusafishia vidonda inapungua bila vidonda kuongezeka. Akafukuzwa. Akaondoka na koti, na maneno yote aliyoyasikia akiwa chini ya vitanda. Mkao ule wa kuinama aliujua. Hata yeye asubuhi nyingine aliamka akakaa hivyo hivyo, akasema ni gesi, akaitibu kwa pombe ya busaa.

Aligeuka pembeni, akaokota kokoto, akalipangusa, akalitia shavuni. Kisha akamwendea yule bwana.

"Pole, mzee. Inaanzia hapa kwenye chembe cha moyo, inatokea mgongoni kama mkuki. Ukilala chali, moto. Ukiinama, nafuu kidogo. Ukila mafuta, siku mbili unakitazama chakula kama adui."

Kipkoech, nyapara wa shamba la mzungu huko Molo, aliinua kichwa. "Nani amekuambia?"

"Kongosho yako."

"Kongo? Mimi sijafika Kongo. Mwisho wangu ni Kisumu."

"Kongosho, mzee! Iko nyuma ya tumbo la chakula. Inatoa maji ya kusaga nyama unayokula. Maji yana mfereji wake. Sasa mfereji umezibwa na jiwe, maji yanarudi nyuma, hayana nyama ya kusaga, yanakusaga wewe."

"Nasagwa?"

"Unasagwa. Na mishipa ya fahamu huko nyuma imevimba, inapiga kelele hata bila kuguswa."

Hapa lazima niseme kweli, maana hata mwongo ana haki yake: hayo yote yalikuwa sawa. Daktari wa hospitali ile aliwafundisha madresa, wale wafunga vidonda, akiyarudia kila wiki, na Masinde alikuwa na ufagio pale pale. Uongo ulianza aliposema jiwe hilo hutolewa kwa kupiga chuku, yaani kufyonzwa kwa pembe.

"Pembe moja mgongoni, jiwe nje," alisema. "Malipo ni baiskeli. Halafu siku arobaini hakuna pombe, hakuna mafuta. Ukivunja mwiko, jiwe likaota tena, usinidai."

Mtego wake ulikuwa hapo. Mlevi gani atakaa siku arobaini?

"Bwana mkubwa amesema akinikuta tena nimejikunja, nifungashe niondoke na watoto wangu," Kipkoech alisema. "Toa, daktari. Baiskeli chukua."

Watu walikuwa wamekwisha kuzunguka. Ndipo mkewe, Jepkorir, alipofungua kinywa.

"Daktari, na wewe utashika mwiko?"

"Mimi, mama?"

"Kwetu, anayetoa kitu mwilini mwa mtu hukaa naye, hula anachokula, mpaka siku ziishe. Akivunja yeye, kitu kinamhamia."

Masinde akawatazama watu. Wote walikuwa wateja wa kesho. "Bila shaka," alisema. Moyoni alisema: nikipata baiskeli tu, mtaona vumbi langu.

Alichanja, akabandika pembe, akavuta mpaka macho yakamtoka. Kokoto likaanguka kwenye bakuli: kang'! Watu wakapiga makofi. Jepkorir akaliokota jiwe akalifunga kwenye pindo la leso. Kisha akatia kufuli kwenye gurudumu la baiskeli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la pili.

"Siku ya arobaini," alisema.

Molo ni baridi. Masinde alikula viazi vya kuchemsha asubuhi, mchana akala viazi vya kuchemsha, na jioni, kwa kubadilisha, kabichi. Na kwa kuwa daktari hawezi kukaa bure kama mgeni, alipewa jembe. Kipkoech naye, kila alipotamani busaa, alimwona daktari mzima anakunywa maji, akaona haya.

Siku ya thelathini na saba, jirani yao Kosgei alichinja kondoo. Masinde alipita "kusalimia tu". Alisalimia mkia wa mafuta, akausalimia mtungi wa busaa, akausalimia tena. Saa tisa mchana alirudi na jiwe la kuvunjia kufuli. Akalipiga mara moja. Mara ya pili haikufika.

Walimkuta amejikunja juu ya kiti cha baiskeli, amekikumbatia, jasho linamtoka.

"Limemhamia!" Kipkoech akaruka nyuma. "Ngoja, daktari, naileta pembe yako!"

"Hapana! Chuku haitoi kitu! Jiwe nilikuwa nalo mdomoni!"

Jepkorir akafungua pindo la leso.

"Najua. Nilikuona ukiliokota. Tena kila uliposema kongosho, liligonga meno."

"Na mwiko wa kwenu?"

"Niliutunga pale pale."

Kipkoech alilitazama jiwe, akamtazama mkewe. "Yaani nimeacha busaa kwa sababu ya kokoto la relini?"

"Umejikunja mara ngapi tangu siku ile?"

Kipkoech akahesabu kwa vidole. Hakuvihitaji vingi. "Mbili tu."

"Daktari wa hospitali alikuambia uache pombe, akakuambia bure, ukacheka," Jepkorir alisema. "Nikatafuta mtu wa kukuuzia neno lile lile kwa baiskeli."

Akafungua kufuli. Kwa hiyo Masinde aliipanda ile baiskeli hatimaye, nyuma, kwenye keria, ameinama juu ya mto wa kulalia, Kipkoech akikanyaga kwa nguvu kuelekea stesheni ya Molo, wapande treni, wamwahishe hospitali.

"Mzee," alilia njiani, "hakuna japo tone moja la busaa, nitulize gesi?"

"Kongosho, daktari," Kipkoech alimjibu bila kugeuka. "Unasagwa."