Kalamu Moto na Sura ya Saba

Jumamosi, tarehe 6 Juni

Ushindi uko mlangoni. Naandika bado nimevaa viatu.

Leo Klabu ya Vijana Wasomaji imekutana chumba cha juu cha maktaba, juu tu ya dirisha langu la kupokea vitabu vinavyorudishwa. Nilipanda na ufagio nisiouhitaji ili nisikie. Wamechagua riwaya mbili za kujadili Jumamosi ijayo. Itakayoshinda itakaa mwaka mzima kwenye kabati la kioo pale mlangoni, kila anayeingia aione. Ya kwanza ni “Mara ya Pili Darasani”, kijitabu chembamba cha yule nesi wa zahanati ya jirani. Ya pili ni “Moyo wa Chuma, Machozi ya Shaba”, ya mwandishi aitwaye Kalamu Moto.

Kalamu Moto ni mimi!

Kurasa mia nne na kumi. Shujaa yatima, kiziwi wa sikio moja, anaokoa nchi tatu. Nakala kumi nilizitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la vitabu vya msaada, nikazipokea mwenyewe, nikazipiga muhuri mwenyewe. Hakuna anayejua ila mpwa wangu, maana ndiye aliyenichapia muswada kwenye kompyuta likizo iliyopita. Na mpwa wangu, na miaka yake kumi na sita, ndiye mwenyekiti wa klabu! Naishi kwao, kwa dada yangu mshonaji. Mwenyekiti nakula naye meza moja. Nani wa kunizuia?

Jumapili, tarehe 7 Juni

Mpwa wangu amenizuia.

Nilimwanza taratibu wakati wa chai. Nikamwambia mwenyekiti mwenye busara huwaelekeza wenzake. Akasema yeye hatapiga kura kabisa, kwa sababu anamjua mmoja wa waandishi. Nikamuuliza, kwani damu si damu?

“Mjomba,” akasema, “ukitaka nisiseme kwamba ni wewe, sitasema. Zaidi ya hapo usiniombe.”

Kisha akaniuliza kama nimewahi kukisoma kitabu changu tangu kitoke. Swali la kitoto. Nikiandike mimi, nikisome mimi, wasomaji wafanye kazi gani?

Dada akainua kichwa kwenye cherehani, akataka kujua tunanong'onezana nini. Nikasema namfundisha hesabu. Mpwa wangu akabadilika uso, akaondoka na kikombe hakijaisha. Vijana!

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Nimempeleleza adui. Yaani nimesoma kitabu cha Nesi. Kurasa tisini tu! Msichana anarudia darasa, wenzake wanasonga mbele, basi. Hakuna kinacholipuka. Nilikisoma chote nimesimama kati ya rafu, na kwamba nilisahau kukaa haina maana yoyote.

Baadaye Nesi mwenyewe akaja dirishani kurudisha kitabu. Akanisalimu vizuri, akasema amesikia kuna mwandishi anaitwa Kalamu Moto, akamtakia heri popote alipo. Uchokozi mtupu.

Saa saba mchana nimehamisha nakala zake zote sita. Sasa ziko rafu ya ufugaji wa nyuki, nyuma ya kitabu kinene kuhusu mizinga. Kijana gani atatafuta riwaya kwa nyuki? Kisichosomwa hakijadiliwi, na kisichojadiliwa hakishindi. Nimelala usingizi wa mchana kama mtu aliyemaliza mtihani.

Jumatano, tarehe 10 Juni

Mambo yameenda mrama kidogo. Kidogo sana.

Vijana walipokosa kitabu cha Nesi, mmoja akasema lazima kimepigwa marufuku. Ni yule mwenye sauti ya kengele wanayemwita Spika. Akinong'ona yeye, barabara nzima inapata habari. Kufikia mchana walikuwa thelathini na zaidi dirishani, wote wanataka riwaya iliyokatazwa. Wengine sijawahi kuwaona wakishika hata gazeti. Wananiuliza kwa macho makali ndani yake kuna nini. Nikasema hamna kitu. Wakatazamana. Hapo ndipo nilipowasha moto wenyewe.

Halafu akaja mfuga nyuki. Bwana mkubwa, ana ndevu, anapitia rafu yake kila mwezi. Akaweka nakala ya kitabu cha Nesi mezani akiwa amelengwalengwa na machozi, akauliza kama kuna sehemu ya pili. Msafara wote ukaelekea rafu ya nyuki. Dakika tano, nakala sita zimekwisha, na orodha ya wanaosubiri imefika ukurasa wa pili.

Mkutubi Mkuu akaniuliza vitabu vile vilifikaje kule. Huyu ni mama asiyepandisha sauti, na hilo ndilo linalotisha. Nikasema jalada lina rangi ya asali. Akaniangalia muda mrefu.

Ijumaa, tarehe 12 Juni

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Chumba cha juu kuna ubao wa kadi za maoni. Kijana anasoma, anaandika anachofikiri, anabandika, na majina si lazima. Kitabu cha Nesi kina kadi ishirini na tatu. Changu kina moja, imeandikwa: “Kinafaa kuzuia mlango.”

Leo wakati wa chakula cha mchana nimeandika kadi kumi na tisa. Nimebadilisha mwandiko. Nimetumia wino wa kijani, rangi ya vijana. Nimeweka na lugha yao, bomba hivi, bomba vile. Kila kadi ni kijana tofauti mwenye maisha yake. Mmoja nilimpenda hata mwenyewe. Nimezibandika zote kabla ya saa nane.

Hakika mimi ni mwandishi.

Jumamosi, tarehe 13 Juni

Niandike yote, hata kama kalamu inakataa.

Vijana walijaa hadi kwenye ngazi. Mkutubi Mkuu alikaa nyuma, mimi karibu naye na ufagio wangu. Mpwa wangu akafungua kikao, akamwomba Spika asome kadi za ubaoni. Za Nesi zikapita. Zikafika zangu.

Spika akasoma: “Mimi ni kijana wa miaka kumi na tano. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kukaa, lakini sikuweza kuiweka riwaya hii chini.” Mtu akacheka. Akasoma nyingine: “Imenikumbusha ujana wangu.” Wakacheka wote. Akasoma ya tatu: “Enzi zetu hapakuwa na riwaya bomba kama hii.” Watu wakavunjika mbavu. Kuna waliokaa chini sakafuni. Mkutubi Mkuu hakucheka. Alitazama kadi, akatazama vidole vyangu. Wino wa kijani hautoki kwa sabuni.

Kisha wakaanza kujadili, na hapo ndipo nilipoumia. Hawakuwa na chuki. Walikuwa wamesoma! Spika alisema shujaa wangu hali chakula kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mia nne na kumi, hivyo angekufa kabla ya nchi ya pili. Kuna msichana wanamwita Kimya kwa sababu huongea mara moja kwa mwezi. Mwezi huu kachagua leo. Alisema, kwa upole, kwamba shujaa anaokoa nchi tatu lakini hana rafiki hata mmoja, na yeye alimwonea huruma mwandishi. Mwandishi! Kuhusu kitabu cha Nesi alisema maneno manne tu: “Nilijua siko peke yangu.” Wawili watatu wakaangalia viatu vyao.

Nilikuwa natafuta mlango. Ndipo Spika akasema: ila sura ya saba. Wote wakalipuka. Sura ya saba! Mmoja alisema ameisoma mara nne, mwingine kamsomea dada yake. Kimya akasema sura ya saba peke yake inashinda vitabu vyote viwili.

Nani angevumilia? Nikadondosha ufagio, nikasonga mbele, nikapanua mikono. “Kalamu Moto ni mimi,” nikasema. “Sura ya saba ndiyo moyo wangu!”

Wakapiga makofi. Kweli kabisa. Sekunde sita hivi, tamu kuliko zote maishani mwangu.

“Basi tuambie,” akasema Kimya. “Ile sahani, kwa nini anaiosha mara tatu?”

Sikujua sahani gani. Nikasema sahani ni taswira ya taifa.

“Na mama anaifuta kila mara bila kuuliza kitu. Naye ni taswira?”

Nikasema katika sura ya saba, ninavyokumbuka, kuna helikopta. Hakuna aliyekuwa ameiona humo. Nikamtazama mpwa wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjakunja ajenda yake mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

Kura: Nesi thelathini na nne. Mimi mbili. Moja najua ni ya kijana aliyekuwa amelala na mkono juu.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Nimesoma sura ya saba. Nimekaa kwenye ngazi ya uani asubuhi, nikaisoma.

Hakuna helikopta. Kuna jiko. Msichana na mama yake wanaosha vyombo. Msichana amefeli hesabu, karatasi ameificha chini ya godoro. Kila akitaka kusema, maneno yanamkwama, anaichukua tena sahani ileile na kuiosha. Mama anapokea, anafuta, anaiweka. Kurasa saba. Hakuna anayekufa. Vumbi la vitambaa vya dada likaniingia machoni.

Nikamwita mpwa wangu. Akasema nilimwaga chai juu ya sura yangu ya saba, kurasa zikagandana, hazikusomeka. Alinifuata kuniuliza kulikuwa na nini, nikamjibu afanye ajuavyo, nisisumbuliwe. Basi akafanya ajuavyo. Nakumbuka nilisema hivyo. Nilikuwa nabuni jina la kalamu.

Alinishika mkono. “Mjomba, usimwambie mtu. Mama akijua nimeiandika mimi, atajua yule msichana ni mimi.” Thelathini na moja kwa mia, muhula uliopita. Karatasi bado iko chini ya godoro.

Nikaapa, mkono kifuani. Mara ya kwanza wiki hii naahidi kitu bila kutazama faida.

Baadaye nikatazama. Kama mwenyewe hataki sifa, sifa hizo zinazurura ovyo. Lazima mtu azihifadhi.

Jumanne, tarehe 16 Juni

Nilimshawishi Mkutubi Mkuu abandike sura ya saba kwenye ukuta wa mlangoni, kwa ajili ya vijana. Hilo alilikubali haraka. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: KALAMU MOTO. Sijamwambia mtu lolote! Ahadi iko salama.

Sikujua dada ndiye anayeshona mapazia mapya ya maktaba.

Aliingia saa tano na mzigo begani. Akauweka chini. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili, mpaka wa saba, kidole kikifuata mistari. Kisha akaja dirishani kwangu.

“Hii hukuandika wewe.”

Nikamuuliza ana ushahidi gani.

“Tangu uzaliwe hujaosha sahani,” akasema. “Hujui hata zinawekwa wapi.”

Akaondoka bila kupima mapazia.

Jioni nilijificha nyuma ya gazeti. Waliingia jikoni wote wawili, maji yakafunguliwa. Halafu dada akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alifeli hesabu mara mbili, akaacha shule kwa aibu kabla hajamwambia mama yetu, na mama yetu amekufa hajui. Miaka yote hii nilidhani aliacha kwa sababu ya cherehani. Mpwa wangu akaanza kulia, dada naye, kisha wakacheka, sijui kwa nini. Karatasi ikatolewa chini ya godoro. Wakaikagua swali moja moja mezani kati ya vikombe.

Nikapita kwa ncha za vidole. “Mjomba,” mpwa wangu akaita. “Umevunja ahadi.”

Nikasema sikufungua mdomo. Akanitazama kama Mkutubi Mkuu. Atafika mbali yule. Kisha akanitupia kitambaa, akasema nifute. Nimefuta tisa, nimevunja mbili.

Ijumaa, tarehe 19 Juni

Mambo mazuri tupu!

Jina langu ukutani limefutwa, limeandikwa la mpwa wangu. Mama yake amelipiga picha. Nesi alikuja kupokea heshima ya kabati la kioo, akaenda moja kwa moja kumuuliza mpwa wangu kama ataandika sura ya nane. Mimi akanipa pole. Nimeipokea kwa heshima zote.

Mkutubi Mkuu ameniita ofisini. Ufugaji wa nyuki, wino wa kijani, nakala kumi nilizojipokelea: alikuwa nazo zote kwenye karatasi, kwa mpangilio. Dirisha nimenyang'anywa. Kuanzia leo nipo chumba cha watoto wadogo, kupanga mito na kuwasomea hadithi kila asubuhi. Alidhani nitasononeka.

Sikuonyesha furaha yangu. Nimeingia na nakala nane za “Moyo wa Chuma”, moja chini ya kila mto. Leo nimewasomea kurasa arobaini. Waliosinzia walisinzia kwa utulivu wa kina, na mmoja alipiga makofi niliposema helikopta, ambayo nimeirudisha mahali pake. Hakuna aliyeuliza shujaa anakula nini. Hakuna kadi, hakuna kura. Hata mmoja hajui kusoma.

Nimehangaika kweli na wale vijana, kumbe wasomaji wangu walikuwa chumba cha pili. Sehemu ya pili ya riwaya naianza kesho. Safari hii nchi sita.