Kidonda, Usipone Upesi

Jumamosi, 3 Machi 2012. Molenbeek.
Ibrahim katahiriwa leo. Wiki saba tu duniani, sauti kama ya muadhini. Kalia sana. Nami nikalia, chooni, bomba nimelifungulia Nadia asisikie.

La muhimu: Nadia kakubali kukaa kwangu! Kwa mama yake, Laeken, ni ghorofa ya sita na lifti imekufa, na daktari wa mtoto yuko mtaani kwangu. Mpaka kidonda kipone, kasema, kisha anarudi kwa mama yake. Aliondoka Oktoba, na mimba yake, alipogundua kazi niliachishwa zamani na kila asubuhi nilitoka na chakula changu kwenda kukaa kando ya mfereji. Uongo mdogo tu! Bon. Kidonda kinapona kwa siku saba mpaka kumi. Donc nina siku kumi za kumrudisha mke. Kwa mtu mwenye akili, zinatosha.

Jumapili, 4 Machi
Nimemwambia Nadia daktari kapiga simu: siku ni kumi na nne. Kaniangalia sana. Kasema haya.

Kidonda nimekichukua mimi. Maji ya uvuguvugu, hakuna kusugua. Vazelini nyingi kwenye kitambaa, pampasi isibane. Nikifunga, Nadia ananitazama mikono. Haondoki.

Jumanne, 6 Machi
Yalaa! Mama mkwe, Maman Hawa, kaja na uji wa mzazi na macho ya polisi. Kafungua pampasi: utando wa njano juu ya kidonda. Usaha, nikapiga kelele! Moyoni nikahesabu wiki tatu zaidi, lakini hata viatu sikutafuta. Nikamkimbiza mtoto kwa daktari na kandambili, mvua inanyesha, mama mkwe nyuma yangu.

Daktari kacheka. Kasema huko ndiko kupona, usiuguse, na nani anakiuguza hiki? Kizuri hivi! Siku chache tu. Mama mkwe akauliza basi zile kumi na nne zilitoka wapi. Daktari kasema hajampigia mtu simu. Njiani mama mkwe hakunigombeza. Kasema tu njia ya mwongo ni fupi, akanipa mwavuli wake.

Alhamisi, 8 Machi
Hili ni la aibu. Naandika kwa kuwa hapa hasomi mtu. Asubuhi nimeficha vazelini nyuma ya gunia la mchele. Kitambaa kikikauka kitashikana na kidonda, kidonda kitachelewa, watabaki.

Saa nne nikafungua. Kimeshika, kidogo tu. Ibrahim akanitazama, mdomo umepinda, bado hajalia. Nilishindwa. Nikakimbia jikoni, gunia chini, mchele sakafu nzima! Nikalowesha kitambaa mpaka kikaachia chenyewe. Nikampaka, nikampaka tena, nikamwomba msamaha. Kanikojolea usoni. Haki yake.

Jumatatu, 12 Machi
Kimepona. Kimepona vizuri mno, na kwa mikono yangu mwenyewe!

Nadia kafunga mkoba. Mlangoni kasema alijua tangu siku ile, kwani ni daktari gani huyo wa kupiga simu Jumapili. Kasema alinyamaza makusudi, akingoja. Kwamba akiniona na mtoto vile, moyo wake ulikuwa umeshalainika. Kwamba lau ningemwambia neno moja la kweli, bakini, angebaki. Akasimama pale, na mkoba, akasubiri.

Nami nikasema samahani, nina miadi ya kazi Koekelberg, nachelewa.

Sina miadi yoyote. Ilinitoka tu! Akambeba Ibrahim, wakashuka. Nilisikia ngazi moja moja mpaka chini.

Jumanne, 13 Machi
Nyumba kimya. Nimekuta soksi ya Ibrahim chini ya kitanda, ndogo kuliko kidole gumba changu. Nimelia. Bomba sikufungua, wa kusikia nani.

Lakini kosa langu nimeshalijua. Ilikuwa ile Jumapili! Ningesema daktari kapiga Jumatatu, mambo yangekwenda sawa. Alors, Julai mtoto ataanza meno. Meno huja na homa, na daktari bado yuko mtaani kwangu.

Jioni Nadia kapiga simu, sauti ya upole, kuuliza kama nimeona soksi. Nimemwambia sijaiona.