Biskuti Zisizo na Rangi ya Chupa

Jumatatu, 7 Desemba

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Mkutano wa wazazi ulikuwa unakwenda salama. Nilikaa nyuma karibu na mlango, tayari kuchomoka. Mwenyekiti akafika kwenye sherehe ya kufunga shule, Jumamosi hii, akauliza nani ataleta biskuti za watoto. Nikamwona shemeji anajiinua kitini. Huyu ni dada mkubwa wa mama watoto, mwokaji, keki zake hazikosi kwenye harusi yoyote. Mwaka jana alileta biskuti nyekundu na za kijani zilizowaka kama taa za barabarani. Shule nzima ilishangilia. Binti yangu mdogo alikula moja. Midomo ikavimba, vipele vikamtoka mwili mzima, nikamkimbiza hospitali nimevaa kiatu kimoja na ndara moja. Daktari alisema mwili wa mtoto haupatani na rangi za chakula, zile za dukani za chupa. Tangu siku hiyo, kila sherehe anakaa pembeni na ndizi yake, anatazama wenzake wakila.

Basi nikasimama kabla shemeji hajafungua kinywa. Nikasema mwaka huu naoka mimi! Rangi za asili tupu, za mboga na mizizi. Sukari kidogo. Unga usiokobolewa. Kila mtoto atakula, hata wangu. Makofi! Mwalimu mkuu akauliza kama nina uzoefu. Nikasema huwa naoka kila mwisho wa wiki.

Sijawahi kuoka chochote. Oveni yetu ndimo tunamohifadhi masufuria.

Shemeji alikaa tena, taratibu. Akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Jumanne, 8 Desemba

Kazi yangu ni kufundisha udereva. Leo mwanafunzi wangu alipanda na gari juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kosa langu. Breki ya mwalimu ilikuwa chini ya mguu wangu, lakini akili ilikuwa kwenye bitiruti.

Jioni nimewakusanya wanangu jikoni. Mkubwa tunamwita Wakili, maana hajawahi kukubali jibu la kwanza. Mdogo tunamwita Chiriku, maana hanyamazi. Nimewaambia kazi hii ni siri ya familia. Wakili akataka kujua, ikiwa ni siri, kwa nini nimeitangaza mbele ya shule nzima.

Tumechemsha bitiruti, tukaziponda, tukazikanda na unga, ndizi mbivu na mafuta kidogo. Donge la waridi! Chiriku alilibusu. Jirani alichungulia dirishani, akaona mikono yetu, akauliza nani kaumia.

Ziliingia kwenye oveni zikiwa waridi. Zikatoka na rangi ya soli ya kiatu. Na ugumu wa soli pia. Wakili aligonga moja mezani, ko ko ko, akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa.

Chiriku alitafuna yake mpaka mwisho. Akasema tamu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo isiyo yake, kama wenzake watazicheka. Nikamwambia la hasha, nani acheke biskuti? 

Jumatano, 9 Desemba

Mpango mpya. Mzuri sana! Nimemtuma Wakili kwa mama yake mkubwa akajifanye amekwenda kusalimia. Achunguze anavyooka. Achunguze hasa kama naye anaandaa biskuti, maana mwokaji hakubali kunyang'anywa jiko na mwalimu wa udereva. Lazima yuko mahali anapanga kuniumbua. Mimi ningekuwa yeye, ningepanga.

Wakili alirudi na makombo kidevuni. Nikamuuliza ameona nini. Akasema ameona keki ya ndizi, ameila. Nikamuuliza mama mkubwa amesemaje. Akasema amemuuliza moja kwa moja kama ametumwa, na yeye hawezi kusema uongo mbele ya keki.

Jasusi gani huyu!

Haikupita hata nusu saa, shemeji akapiga simu. Akauliza kama nahitaji msaada, akasema kuna jambo anataka tuzungumze. Jambo! Nalijua jambo lake. Anataka nimwombe. Nikamwambia kazi imeshafika mbali sana, nimeshakamilisha rangi nne, nimebakiza kunakshi tu. Nikakata simu. 

Alhamisi, 10 Desemba

Siku ya kufutwa kwenye kalenda.

Leo nilikwepa bitiruti, nikatumia kabichi ya zambarau na binzari ya manjano. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia magadi soda yanalainisha biskuti, basi nikaweka magadi soda. Sikubana mkono. Maji ya kabichi yalikuwa zambarau ya kifalme. Yalipokutana na magadi yakageuka rangi ya goti lililovilia damu, la mtu aliyeteleza ngazini siku tatu zilizopita. Binzari nayo nilitaka inipe jua, ikanipa kutu. Wasichana walipiga vigelegele, wakasema ni uchawi, turudie! Mimi nilikuwa nimeegemea friji, nahesabu pumzi.

Mikono niliifuta kwa kitambaa cheupe kilichokuwa mgongoni mwa kiti. Hakikuwa kitambaa. Lilikuwa gauni la kazi la mama watoto. Mama watoto ni muuguzi.

Sikupoteza muda. Nikalitia sabuni. Doa la njano likawa jekundu! Nikaongeza sabuni. Likakolea! Nikalisugua, nikalitandaza. Mama watoto aliingia akanikuta nimelikumbatia gauni lililokuwa kama limetoka vitani.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alilivaa hivyo hivyo, sweta juu yake, jua likiwa linachoma vile, na alipofika mlangoni akauliza kwa nini najitesa hivi wakati dada yake anaoka kwa riziki. Nikamwambia namfanyia Chiriku.  Akasema, haya, baba watoto, mradi ukumbuke kwamba unamfanyia Chiriku.

Alimaanisha nini? 

Baadaye nilipita dukani. Nimenunua chupa ndogo ya rangi nyekundu. Nimeificha ndani ya buti langu la mvua. Mpango wenyewe hauna doa. Donge la Chiriku litabaki safi. La watoto wengine nitatia matone kidogo tu, lipendeze. Trei mbili, hazitagusana. Nani atajua? Moyo wangu ndio unaojua. Lakini moyo hauna mdomo.

Ijumaa, 11 Desemba

Nina unga mpaka kwenye nyusi. Naandika hivyo hivyo.

Alasiri ilianza vizuri. Mama watoto yuko kazini. Nikakanda donge la kwanza, safi. Nikakanda la pili, na wasichana walipotoka kutafuta kisu na vifuniko vya kukatia nyota na miezi, nikatia matone. Halikubadilika. Nikatia tena. Unga usiokobolewa ukaimeza rangi yote! Biskuti zikatoka kwenye oveni zimefanana kama pacha, kahawia kwa kahawia. Haidhuru, nikasema. Trei ya kushoto ya Chiriku, ya kulia ya wengine. Kushoto, kulia. Ndiyo kazi yangu. Mara simu ikaita, mwanafunzi analia kwamba ameshindwa mtihani, nikatoka uani kumbembeleza.

Niliporudi, Chiriku alikuwa amepanga. Nyota na nyota. Miezi na miezi. Trei zote mbili, zimechanganyika kabisa! Na juu ya kila nyota alikuwa amepaka sukari ya unga aliyoikoroga kwa maji ya bitiruti mbichi. Mbichi, haijaona moto. Waridi lililokolea, linang'aa. Miezi ameipaka maji ya karoti, ya chungwa kama jua linalochomoza. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile jikoni mwangu. Na mkononi alikuwa na nyota moja, anaipeleka mdomoni.

Nilipiga ule ukelele ninaouweka kwa ajili ya malori yanayokuja mbele. Akaidondosha.

 Halafu Wakili akatokea na buti langu mkono mmoja na chupa mkono mwingine. Alikwenda kutafuta kopo la kubebea biskuti, akaliangusha buti, likalia.

"Baba, hii ni nini?"

"Dawa ya kikohozi."

"Cha nani?"

"Cha mgeni."

"Mgeni gani anayeweka dawa kwenye buti lako?"

 Chiriku alitazama chupa, akatazama trei, akanitazama mimi. Ni mdogo lakini chupa ile anaijua. Nilingoja alie. Hakulia. Alichukua sahani yake ndogo, akaisukuma mbali taratibu.

"Basi nitakula ndizi," alisema.

Nimeshatolewa barabarani na malori. Nimeshawahi kutumbukia mtaroni na mwanafunzi. Hakuna kilichowahi kunipiga kama neno lile. Nikapiga magoti pale pale kwenye unga, nikawaambia kweli yote, matone, trei, kushoto na kulia. Kwamba niliogopa watu wangezicheka biskuti za kahawia. Chiriku akasema yeye pia aliogopa, lakini hakuenda dukani.

Nikaonja nyota moja nione kama naweza kuzibagua kwa ulimi. Siwezi. Zote zikaingia jaani, na zile nzuri, na miezi yote. Wakili alisimamia. Kisha nikampigia shemeji. Nilikuwa nimejiandaa kusimangwa.

Alikuja na aproni begani na trei zake mpya. Akasikiliza mpaka mwisho. Akakaa kwenye kiti.

"Shemeji," akasema, "Jumatatu nilisimama niseme kwamba zile rangi nilizimwaga siku ile ile mtoto alipolazwa. Sijazigusa tena. Mwaka mzima natafuta namna ya kukuambia. Ukanikata kauli. Nikapiga simu, ukanikatia."

Nikatafuta pa kutazama. Nikatazama oveni.

Alifuta macho kwa ncha ya aproni, akauliza lile waridi lilipatikanaje. Chiriku akaanza kueleza, na alipoanza hakunyamaza tena. Tumeoka upya jioni nzima. Shemeji alikanda, Chiriku alipaka, Wakili alikagua kila kitu kilichoingia kwenye bakuli na kila aliyeingia jikoni. Mimi nilipewa kazi ya kukwangua karoti, kwa mbali.

Hata hivyo, rangi ya bitiruti mbichi imegunduliwa nyumbani kwangu. Hilo lisisahaulike.

Jumamosi, 12 Desemba

Sherehe. Nimeingia na trei mikononi. Watoto wakatuzunguka. Wa kwanza alichukua nyota, akainusa, nikajua, tumekwisha. Kisha mtoto mmoja akapiga kelele kwamba mwezi wa chungwa ni wake! Vikaanza vita. Trei zikarudi tupu, zimelambwa.

Chiriku alipewa nyota kama kila mtu, kutoka trei ile ile ya kila mtu. Akakaa katikati ya benchi, siyo pembeni. Akala. Wala hakuongea. Ndiyo mara ya kwanza namwona hana la kusema. Mama watoto alinishika mkono, shemeji akajifanya anapanga vikombe.

Ilitakiwa nifurahi. Mimi nilikuwa natazama midomo. Imevimba? Haijavimba. Je, lile shavu? Nikamwomba atoe ulimi. Waridi tupu! Nikambeba juujuu, nikapiga kelele watu wapishe, hospitali! Nilikuwa nimefika getini Wakili aliponivuta shati. Akaniomba nigeuke. Nyuma yangu shule nzima ilikuwa imetoa ulimi, kila mmoja waridi, wanacheka hadi wanaanguka. Mwalimu mkuu naye.

Nilimrudisha mtoto kwenye benchi. Akaomba nyota nyingine. Zilikuwa zimekwisha. Shemeji akamega yake, akampa nusu.

Jumapili, 13 Desemba

Nimepumzika. Nimetafakari. Nikiangalia nyuma, mambo yamekwenda jinsi nilivyokusudia. Palikuwa na mikwaruzo midogo ya utekelezaji, basi. Kichwa kilichowaza jambo hili kilikuwa sahihi tangu mwanzo, na sasa kimepata moto.

Asubuhi nilisoma maandishi ya nyuma ya dawa yetu ya meno. Maneno yale hata Wakili hawezi kuyatamka! Tunayaweka vinywani kila siku! Nyumba hii ina mkaa. Ina chumvi. Ina mafuta ya nazi. Nimetwanga, nimechanganya, nimejaza kopo zima, na ile ya dukani nimeshaitupa. Nimewaambia majirani wawili waje na vikopo vyao kesho. Nimewaambia huwa natengeneza kila mwezi.

Mimi nimeshapiga mswaki kwa majaribio. Meno yamekuwa meusi kidogo. Fizi pia. Nadhani rangi hutoka baada ya siku chache.

Kesho hospitalini wanawapiga picha wauguzi wote, ile ya kutundikwa mapokezi. Mama watoto sasa hivi yuko bafuni, anaulizia dawa ya meno. Nimemwambia achukue ya kwenye kopo, asibane mkono.